Asilimia Ishirini za Mwaka 1991: Rais Mwinyi, Tume ya Nyalali na Mageuzi Yaliyoishia Njiani

Ali Hassan Mwinyi alifariki dunia tarehe 29 Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 98, na katika siku za maombolezo Watanzania wengi walimkumbuka kwa mambo mawili: bidhaa zilizorudi madukani baada ya miaka ya uhaba, na upole wake. Kumbukumbu zote mbili zina ukweli. Hata hivyo, zinaelekea kukifunika kitendo chake kizito zaidi kisiasa, yaani kukiongoza chama chake na Serikali yake kuufuta ukiritimba wa chama kimoja mwaka 1992, wakati ambapo wananchi karibu wanane katika kila kumi waliotoa maoni yao mbele ya tume rasmi walikuwa wamesema chama kimoja kiendelee. Ni nadra kwa chama tawala kupewa sababu nzuri namna hiyo ya kubaki kilivyo, nacho kikabadilika. Jambo linalokifanya kisa hiki kiwe cha leo, wala si cha maktaba tu, ni kwamba mageuzi yale yalitolewa bila kuyagusa sana mamlaka ya mwenye kuyatoa.

Mwinyi hakuingia Ikulu kama mtu wa kupindua mambo. Alikuwa mwalimu kwa taaluma, aliyelelewa Unguja ingawa alizaliwa Mkuranga mkoani Pwani, na alipanda ngazi za Serikali bila kelele. Katika miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu askari walio chini ya wizara yake waliwatesa watuhumiwa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na baadhi yao wakafa. Mwenyewe hakuwa ametenda kosa hilo. Aliwajibika kisiasa, jambo ambalo hata sasa hutajwa zaidi kuliko linavyoigwa. Mwaka 1984 Aboud Jumbe alipolazimika kuachia madaraka Zanzibar, Mwinyi ndiye aliyeshika nafasi yake, na mwaka uliofuata akateuliwa kuwa mgombea pekee wa urais wa Jamhuri ya Muungano. Aliapishwa tarehe 5 Novemba 1985 kumrithi Mwalimu Julius Nyerere, lakini Mwalimu alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Katika nchi ambayo kikatiba chama ndicho kilichoshika hatamu, maana yake ni kwamba kwa miaka mitano ya mwanzo Rais aliiendesha Serikali huku mtangulizi wake akiwa juu ya chombo kinachoielekeza Serikali hiyo. Anayeshangaa kwa nini mageuzi ya kiuchumi yalitangulia na ya kisiasa yakachelewa, jibu kubwa lipo hapo.

Upande wa uchumi hauhitaji maelezo marefu, kwa kuwa umekwisha kusimuliwa sana. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa thamani kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola moja, na mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ukatiwa saini, baada ya miaka ya mvutano ambao Mwalimu hakutaka kuumaliza kwa masharti ya shirika hilo. Haki inadai isemwe kwamba mlango ulikwisha kufunguliwa kidogo na bajeti ya mwaka 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa. Mwinyi aliufungua wote. Foleni za sukari na sabuni zikapungua, mitumba ikarudi, sheria ya mwaka 1991 ikaruhusu benki binafsi, magazeti binafsi yakachipuka, na kufikia mwaka 1994 Tanzania Bara ikawa na vituo vya televisheni. Watu wakamwita Mzee Ruksa. Kwa upande wa pili, uchangiaji wa gharama ukaingia shuleni na hospitalini, mfumuko wa bei haukutulia, na mwishoni mwa utawala wake misamaha ya kodi ilikithiri kiasi kwamba wafadhili walisimamisha sehemu ya misaada yao. Mizani ya mambo hayo bado inabishaniwa, na makala haya hayakusudii kuumaliza ubishi huo.

Mjadala wa vyama vingi ulipewa uhalali na mtu ambaye hakuna aliyetarajia. Mapema mwaka 1990, tawala za vyama vya kikomunisti za Ulaya Mashariki zikiwa zinaanguka moja baada ya nyingine, Mwalimu Nyerere alisema hadharani kwamba kuujadili mfumo wa vyama vingi si kosa. Aliyasema hayo muasisi wa mfumo wa chama kimoja, uliokuwa sheria tangu mwaka 1965. Ni vigumu kumweleza msomaji asiyeijua enzi ile uzito wa kauli hiyo: mambo yaliyokuwa yakinong'onwa yakaanza kuzungumzwa mezani. Wanasheria, wanataaluma na wanasiasa wakongwe kama Chifu Abdallah Fundikira walianza kukutana waziwazi, na mwaka 1991 ikaundwa kamati ya kudai mageuzi ya Katiba, ambayo ndiyo chimbuko la NCCR-Mageuzi. Dai lao la kwanza lilikuwa mkutano wa kitaifa wa Katiba. Usajili wa vyama waliuona kama tawi la dai hilo. Mpangilio huo wa madai ni wa kukumbukwa, kwa sababu Serikali iliupindua: ikatoa tawi, ikauacha mti.

Wala uhuru wa wakati huo usikuzwe kupita kiasi. Mwaka huohuo wa 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa baada ya mgogoro wa wanafunzi na Serikali, na Oktoba Mwinyi alichaguliwa tena kwa kura ya ndiyo au hapana, jina lake likiwa peke yake kwenye karatasi. Tofauti ilikuwa kwamba tangu Agosti 1990 alikuwa pia Mwenyekiti wa CCM. Kwa mara ya kwanza kofia zote mbili zilikuwa kichwani kwake. Februari 1991 mambo mawili makubwa yakatokea kwa mpigo: Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha, na Rais akaunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili ikusanye maoni kuhusu swali moja, kama nchi ibaki na chama kimoja au iingie katika vyama vingi.

Tume ilikuwa na wajumbe kutoka pande zote mbili za Muungano, na ilizunguka mikoani kwa miezi mingi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Asilimia 77 hivi walitaka chama kimoja kiendelee, na waliotaka vyama vingi walikuwa asilimia 21 hivi, ingawa kwa upande wa Zanzibar uwiano wa waliotaka vyama vingi ulikuwa mkubwa zaidi kuliko Bara. Kwa lugha ya mtaani wakaja kuitwa asilimia themanini na asilimia ishirini, na ndivyo wanavyotajwa mpaka leo.

Takwimu hizo zinapaswa kuangaliwa kwa karibu, maana ndizo kiini cha kisa chote. Kwanza, haikuwa kura. Hapakuwa na karatasi ya siri wala sanduku, na mtoa maoni alikuwa akiishi ndani ya mfumo ambao balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa kiongozi wa chama, ndiye aliyemwandikia barua ya utambulisho alipokuwa na shida ya kiofisi. Haimaanishi kwamba watu walidanganya. Wengi walikuwa na hofu ya kweli kwamba vyama vingi vingeleta ukabila na vita, na waliyosikia redioni kuhusu majirani hayakuwapunguzia hofu hiyo. Lakini maoni yanayotolewa mbele ya mwenye mamlaka hayawezi kupimwa sawasawa na kura inayopigwa faraghani. Pili, na hili ndilo ambalo masimulizi mengi huliruka, sehemu kubwa ya hao waliotaka chama kimoja hawakukitaka kama kilivyokuwa. Walitaka marekebisho: viongozi wawajibike zaidi, madaraka yapunguzwe, sheria kandamizi ziondolewe. Ukiwajumlisha hao na wale waliotaka vyama vingi, waliokuwa wameridhika kabisa na hali iliyokuwapo hawawi tena umati wa kutisha. Tume ililiona hilo. Badala ya kuhesabu mikono tu ilisikiliza mikono hiyo inasema nini, na mwishowe ikapendekeza vyama vingi.

Hapo ndipo busara ya kisiasa ya Mwinyi inapoonekana, na pia ndipo inapostahili kuchunguzwa bila kupambwa. Hoja iliyotawala, ambayo Mwalimu aliitetea kwa nguvu, ilikuwa kwamba wachache hao wana haki ambayo haipigiwi kura na wengi, na kwamba ni heri kubadilika kwa amani mapema kuliko kungoja hadi ishirini wawe hamsini wenye hasira. Katika sehemu yake ya kwanza hoja hii ni ya haki za binadamu. Katika sehemu ya pili ni hesabu za kisiasa, na hesabu zenyewe zilikuwa sahihi. Oktoba 1991 Kenneth Kaunda alishindwa vibaya katika uchaguzi wa Zambia. Desemba mwaka huo Kenya ilikifuta kifungu cha Katiba kilichokifanya KANU kuwa chama pekee, baada ya miaka ya maandamano, kukamatwa kwa watu na wafadhili kufunga mikoba, na mwaka mmoja baadaye ikaingia kwenye uchaguzi. CCM ilitoka kabla ya kutolewa. Mkutano Mkuu maalumu wa Februari 1992 uliridhia mabadiliko, Bunge likarekebisha Katiba na kupitisha Sheria ya Vyama vya Siasa Namba 5 ya mwaka 1992, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo mpya ukaanza rasmi. Uchaguzi wa kwanza wa rais na wabunge ulipangwa Oktoba 1995. Hivyo wapinzani waliruhusiwa kuanzisha vyama mikono mitupu, na mshindani wao akabaki na miaka mitatu ya kujipanga, Serikali ikiwa mkononi mwake.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kosa halikuwa katika ratiba. Kosa lilikuwa katika mapendekezo yaliyokataliwa au kuwekwa kando. Tume ya Nyalali haikusema tu vyama vingi viruhusiwe. Ilipendekeza mchakato wa kuandika Katiba mpya inayolingana na mfumo mpya, ikapendekeza elimu ya uraia nchi nzima, ikapendekeza Muungano wa serikali tatu, na ikaorodhesha sheria 40 zinazokandamiza haki, ikitaka zifutwe au zirekebishwe. Miongoni mwake zilikuwamo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Serikali ilizikataa serikali tatu. Katiba mpya haikuandikwa. Ile ya mwaka 1977, iliyotungwa kwa ajili ya nchi ya chama kimoja, ikawekewa viraka. Sheria nyingi katika zile 40 ziliendelea kuwapo, na Sheria ya Magazeti iliishi hadi mwaka 2016, ilipobadilishwa na sheria ambayo waandishi wengi hawakuiona kuwa nafuu.

Hebu tuiangalie Sheria Namba 5 yenyewe, maana ndiyo nyumba wanamoishi wapinzani hadi leo. Chama kilitakiwa kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa miongoni mwa mikoa isiyopungua kumi, na angalau miwili kati yake iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Sharti hilo lilikusudiwa kuzuia vyama vya kabila, dini au upande mmoja wa nchi, na mtu akitazama yaliyotokea kwingineko barani hawezi kulibeza. Lakini anayesajili ni Msajili anayeteuliwa na Rais, na anayesimamia uchaguzi ni Tume ambayo wajumbe wake wanateuliwa na Rais, na Rais huyo kwa desturi ndiye Mwenyekiti wa chama kimojawapo kinachosajiliwa na kushindana. Jeshi lilitolewa kwenye siasa za chama, hatua kubwa ambayo haipewi sifa inayostahili. Mali hazikutolewa: viwanja vya michezo vya Kirumba jijini Mwanza, Sokoine jijini Mbeya na Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, vilivyojengwa enzi ambazo kuchangia chama na kuchangia taifa kulikuwa jambo moja, vilibaki kuwa vya CCM.

Mfano mmoja wa mahakamani unaonyesha vizuri jinsi mageuzi yale yalivyotoa kwa mkono mmoja na kurudisha kwa mwingine. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, Mwinyi akiwa Rais. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye chama chake cha DP kilinyimwa usajili kwa sababu hakuutambua Muungano wala hakutaka kutafuta wanachama Zanzibar, alifungua kesi katika Mahakama Kuu mjini Dodoma. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua mambo mawili yaliyotikisa nchi: kwamba si halali kikatiba kudai kibali kabla ya mkutano wa hadhara, na kwamba raia ana haki ya kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Serikali ililikubali la kwanza, sheria ikarekebishwa, na tangu hapo chama kinatakiwa kutoa tu taarifa kwa polisi saa 48 kabla ya mkutano. La pili ikaliwekea ukuta: mwaka huohuo muswada ulipitishwa bungeni ukaandika ndani ya Katiba kwamba lazima mgombea atokane na chama. Mtikila alihangaika na suala hilo hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo tarehe 14 Juni 2013 iliamua kwamba Tanzania inakiuka haki za raia wake. Alifariki mwaka 2015, na mgombea binafsi hajawahi kuonekana kwenye karatasi ya kura tangu vyama vingi virejee.

Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulijibu swali ambalo takwimu za Tume ya Nyalali ziliacha wazi. Benjamin Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8 ya kura za urais, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi asilimia 27.8, na kura zilizobaki waligawana Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Kwa maneno mengine, miaka minne tu baada ya asilimia 77 kusema chama kimoja kinatosha, karibu asilimia 38 ya wapiga kura waliokuwa peke yao na karatasi zao walichagua chama kingine. Mazingira hayakuwa sawa: Mrema alikuwa waziri maarufu aliyetoka CCM miezi michache kabla, na Mwalimu mwenyewe alizunguka kumnadi Mkapa. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuelezwa na umaarufu wa mtu mmoja. Bungeni CCM ilipata viti 186 kati ya majimbo 232 kwa kura zisizofika asilimia 60, huku NCCR-Mageuzi, yenye zaidi ya kura moja katika kila tano, ikiambulia viti 16.

Kasoro za mfumo nazo hazikuchelewa kujitokeza. Jijini Dar es Salaam vifaa vilichelewa kiasi kwamba uchaguzi wa majimbo yote saba ulifutwa na kurudiwa Novemba. Zanzibar, Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad, matokeo ambayo CUF haikuyakubali na ambayo yalianzisha mgogoro uliogharimu maisha ya watu miaka michache baadaye. Aliyekuwa na malalamiko kuhusu urais wa Muungano hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa Ibara ya 41(7) ya Katiba inakataza mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba ibara hiyo nayo inakiuka haki. Bado ipo.

Wapo wanaosema, na si watu wa kupuuzwa, kwamba mwendo wa polepole ndio uliolinda amani, na kwamba kuifumua Katiba nzima mwaka 1992, wakati Muungano ukiwa unapingwa na wabunge wa CCM wenyewe, kungekuwa kucheza na moto. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: mwaka uliofuata, 1993, kundi la wabunge waliojulikana kama G55 lilipeleka bungeni hoja ya kuunda serikali ya Tanganyika, na ilibidi Mwalimu aingilie kati. Lakini hoja hiyo inaweza kugeuzwa. Kama suala la muundo wa Muungano lilikuwa limeiva kiasi hicho, kulizima hakukuliivua. Kamati ya Jaji Robert Kisanga ililikuta tena miaka ya mwisho ya 1990, na Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa mwaka 2012, ikaandika serikali tatu ndani ya rasimu yake. Tume tatu, marais watatu, pendekezo lilelile la tume na jibu lilelile la Serikali. Mwaka 1992 ulikuwa wakati rahisi kuliko wote uliofuata: CCM ilikuwa na nguvu, upinzani haukuwa na mbunge hata mmoja, na Rais alikuwa na heshima ya pande zote. Aliyekuwa na nafasi ya kuandika sheria za mchezo kabla mchezo haujaanza alichagua kuzirithi zilizopo.

Matokeo ya uchaguzi huo wa njia yameonekana wazi zaidi katika miaka kumi iliyopita. Mwaka 2016, chini ya Rais John Magufuli, mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kwa kauli za viongozi na polisi. Kifungu cha taarifa ya saa 48 hakikufutwa. Kiliachwa kitabuni kikiwa hakifanyi kazi. Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza na viongozi wa vyama Ikulu, alitangaza kuliondoa zuio hilo, na wapinzani wakashangilia. Walikuwa na haki ya kufurahi, ila kilichotokea ni cha ajabu ukikitafakari: haki iliyokuwa imethibitishwa na Mahakama Kuu tangu mwaka 1994 iliondoka bila sheria kubadilika, ikarudi bila sheria kubadilika. Ilikuwa ni kauli dhidi ya kauli. Rais aliyepita alisema hapana, aliyepo akasema ndiyo, na hakuna kilichowekwa cha kumzuia atakayekuja asiseme hapana tena.

Rais Samia alilinganishwa na Mzee Mwinyi tangu mwanzo wa utawala wake, na ulinganisho huo haukuwa wa heshima za asili ya Zanzibar peke yake. Falsafa yake ya 4R, yaani maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya, aliitangaza tarehe 1 Julai 2022, siku ya kutimia miaka 30 ya vyama vingi. Kikosi kazi alichokiunda chini ya Profesa Rwekaza Mukandala kilipendekeza, pamoja na mengine, mikutano ya hadhara irudi na mchakato wa Katiba ufufuliwe. La kwanza, lililohitaji kauli, lilitekelezwa kwa miezi michache. La pili, lililohitaji kuandikwa upya kwa mamlaka, lilibaki pale Katiba Inayopendekezwa ilipokwama mwaka 2015, kura ya maoni ilipoahirishwa. Sheria za uchaguzi zilirekebishwa mwaka 2024 na neno huru likaingizwa kwenye jina la Tume, lakini anayewateua wajumbe bado ni Rais. CHADEMA iliingia mwaka 2025 ikidai mabadiliko ya mfumo kabla ya kura, ikakataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikazuiwa kushiriki, na Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akawekwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatiwa na ghasia, vifo, kuzimwa kwa intaneti na amri ya kutotoka nje. Madai yaliyokuwa mezani yalikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30.

Kipo kipande kimoja cha enzi ile ambacho kimestahimili marais wote, nacho kinatoa kipimo kizuri. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984 yaliweka ukomo wa urais kuwa vipindi viwili vya miaka mitano, na Mwinyi ndiye wa kwanza kuondoka kwa kuutii, Novemba 1995. Mkapa akaondoka, Kikwete akaondoka. Mwaka 2017 Mzee Mwinyi mwenyewe, akivutiwa na kasi ya Magufuli, alisema kwamba lau si matakwa ya Katiba angependekeza Rais huyo awe wa siku zote, na baadaye wakatokea wabunge waliotaka muda wa uongozi urefushwe. Magufuli alilikataa hadharani. Lakini hata angelitamani, angelazimika kwenda bungeni, kutafuta theluthi mbili, kubadili Ibara ya 40 mbele ya macho ya nchi nzima na kujieleza. Kuzuia mikutano ya hadhara hakukumdai hata moja kati ya hayo.